Donge Dogo la Jumapili

Jumatatu, 6 Julai

Leo nimekataa chupa kumi na moja. Zote za wodi ya mapafu, zote kifuniko cha buluu.

Kazi ni ile ile. Chupa ikifika naifungua, nachovya kijiti, nakizungusha taratibu. Kijiti kikitoka kisafi, sawa, naipima. Kikitoka na kitu kinaning'inia kama kamasi, basi, damu imeganda. Muhuri mwekundu: CHUKUA UPYA. Damu iliyoganda haipimwi. Nimelisema hilo miaka kumi na tisa hadi nalisema nikipiga mswaki.

Sista wa wodi akapiga simu. Ana sauti huyo! Barakoa mbili usoni na bado niliweka simu mbali na sikio. Eti nina roho mbaya. Eti mimi nakaa chini kwenye kiti, nao wanachoma watu wasio na mishipa. Nikamwambia: jaza hadi mstari, kisha pindua chupa mara nane, taratibu, kama unambembeleza mtoto. Akasema alianza kazi hii mimi nikiwa shule. Uongo, tunalingana.

Kaka anakohoa. Tangu Alhamisi. Wifi anasema mumewe hataki kusikia habari ya hospitali, kuna mwanafunzi wake ana mtihani keshokutwa. Mwalimu wa udereva huyo! Wanafunzi wanamwita Mwalimu Breki, kwa ile breki ya pili iliyo upande wake. Hata akikaa kwenye kochi mguu wa kulia unakanyaga. Wifi anaapa kwamba hata usingizini. Shuka zote zimechanika upande wa kulia.

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Wiki hizi sijisikii kitu. Nakula, nafua, naenda. Mtu akiniuliza hujambo nasema sijambo, na si uongo, wala si kweli.

Jumanne, 7 Julai

Kaka kalazwa.

Asubuhi midomo ilikuwa imebadilika rangi. Wifi akamtia kwenye gari la shule, lile lenye herufi ya mwanafunzi juu, akaendesha mwenyewe. Hana leseni! Mume kafundisha nusu ya mji, mke hana leseni. Anasema Kaka alikanyaga breki njia nzima, pumzi ya kusema "polepole" hana.

Kitanda cha tisa. Oksijeni. Ndugu hawaruhusiwi kuingia, na mimi wa maabara vile vile, mwisho wangu ni mlango wa kioo. Kati yangu na yeye ni ghorofa mbili, ngazi arobaini na nne. Nimezihesabu leo, sijui kwa nini.

Mkuu wa maabara sikumwambia. Sheria ni kwamba hupimi damu ya ndugu yako, unampa mwenzako. Mwenzako yupi? Wawili wanaumwa, mmoja kajifungua. Kwenye mashine ya kupima kuganda kwa damu niko peke yangu. Na majina yetu hayafanani, mama mmoja baba wawili, kwa hiyo hakuna atakayejua. Nimemwambia Sista tu, amwangalie. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: "Ungesema mapema, dada. Kitanda cha tisa ni changu."

Mama kapiga simu mara saba. Mara zote saba swali moja: umemwona? Mara zote nimesema anaendelea vizuri. Sijamwona.

Jumatano, 8 Julai

Damu yake ilishuka saa nne. Nilisoma jina kwenye chupa. Nikasoma tena. Nilidhani nitajisikia vingine. Damu ya Kaka ni kama damu ya mtu yeyote.

Kijiti kimetoka kisafi. Muda wa kuganda, sekunde kumi na mbili, kawaida kabisa. Kipimo cha mabaki, mara sita ya kawaida. Hicho ndicho kinachomtia daktari wasiwasi: damu ikiganda ndani ya mwili kisha ikayeyuka huacha mabaki, na mabaki mengi maana yake kuna madonge mahali. Ameanza kuchomwa sindano ya tumboni ya kuzuia damu isigande, asubuhi na jioni. Vizuri.

Mama anamshukuru Mungu kwamba mimi niko humo ndani. Humo ndani! Niko chini na vijiti.

Alhamisi, 9 Julai

Chupa thelathini na mbili. Nimekataa tisa. Nimefua. Nimelala.

Ijumaa, 10 Julai

Leo Sista amechoka na mimi. Akasema: njoo basi uone kwa macho yako, halafu uendelee na muhuri wako.

Nikapanda. Mlango wa wodi una kioo, nikasimama nje. Akamsogelea mama mmoja wa kitanda cha karibu, akafunga mpira mkononi, akachoma, damu ikaingia kwenye bomba la sindano. Vizuri, haraka, mkono wa mtu anayejua. Akachomoa. Akageuka kuichukua chupa pale pembeni, hatua mbili tu. Akaliinua bomba la sindano mbele ya kioo ili nione. Uzi. Ndani ya damu kulikuwa na uzi mweusi tayari, chupa hata hajaigusa.

Akanitazama tu juu ya barakoa. Hakusema kitu, na kwa Sista hiyo ni hotuba.

Mwezi mzima nimewapigia muhuri. Mwezi mzima nimeandika kwenye kitabu: "uzembe wa muuguzi". Nimebandika hata tangazo lenye michoro, jinsi ya kupindua chupa! Kumbe si mikono yao. Ni damu yenyewe.

Nilimwomba radhi kwa ishara. Kitanda cha tisa hakionekani kutoka pale, kiko kona ya ndani, nyuma ya pazia. Niliona pazia.

Jumamosi, 11 Julai

Daktari alishuka maabara, jambo ambalo halijatokea tangu nizaliwe kazini. Mrefu, miwani, hajalala. Nikamweleza yale ya uzi. Akasema ndivyo wanavyoona huko juu: mpira wa kwenye mshipa unaziba, juzi mtu kafa ghafla akizungumza. Akasema ugonjwa huu tuliudhani wa mapafu, lakini kirusi kinachubua kuta za mishipa kwa ndani, na damu inadhani kuna jeraha kila mahali. Inaganda ili kumwokoa mtu, inamuua. Sindano za kuzuia zinasaidia wengi, lakini ukizidisha mtu anavuja ndani. Yote anaamua kwa majibu yetu. "Nyinyi ndio taa yangu," akasema, na sikumbuki mtu wa juu kuwahi kutuita chochote.

Daktari alipoondoka, Mkuu akatuita, yaani akaniita mimi na kiti kitupu. Akasema asije mtu akajitia huruma. Iliyoganda haipimwi, hata kama huko juu wanalia. Donge likishajitengeneza limekula kila kitu kinachogandisha. Maji yanayobaki mashine inayaona mepesi. Damu nzito itasomeka nyepesi, daktari ataacha dawa, na mgonjwa utakuwa umemuua wewe. Nikaitikia kwa kichwa. Hayo nawafundisha wanafunzi kila mwaka.

Mama kauliza kama Kaka anakula. Nikasema anakula.

Jumapili, 12 Julai

Naandika polepole ili nielewe nilichofanya.

Saa tano Sista alipiga kabla chupa haijafika. Hakupiga kelele. Kaka kachomwa mara tano. Mkono wa kulia, wa kushoto, mgongo wa kiganja, kifundo. Mishipa inakimbia. Ya tano ndiyo imetoa. "Amelia, dada. Mtu mzima kalia, na hana hata pumzi ya kulilia. Hii usiikatae, nakuomba. Kwa ajili ya kaka yako."

Chupa ikaja. Nikachovya kijiti. Kikatoka na donge, dogo, kama punje ya mchele.

Muhuri ulikuwa pale pale. Nilikaa, labda dakika tatu. Kisha nikalitoa lile donge lote kwa kijiti, nikalifuta kwenye karatasi, nikatupa karatasi. Chupa nikaitia kwenye mashine.

Ningependa kuandika kwamba moyo ulinidunda. Hapana. Nilikuwa naona tu mkono wake na vidole vya Sista vikitafuta mahali pa sita. Nikajiambia punje moja haibadilishi kitu. Nikajiambia kesho watachukua nyingine na hii itasahaulika.

Muda wa kuganda: sekunde ishirini na tisa.

Nilijua. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba ile si damu ya Kaka, ni maji yaliyobaki baada ya donge kula. Nikabonyeza TUMA. Ilikuwa saa sita kasoro. Nikanywa chai.

Jumatatu, 13 Julai

Siku ya mapumziko, Mkuu kashika mashine mwenyewe. Ya kwanza baada ya wiki tatu. Nililala hadi saa nne, nikaenda kwa Mama.

Mama kanikagua mlangoni kama mizigo. Nimekonda, nimechakaa, sina macho. Akanieleza tena jinsi Kaka alivyokuwa na miaka minane akanibeba mgongoni nilipokanyaga msumari, akakimbia hadi zahanati, akaanguka mara mbili na hakuniachia. Simulizi hii naijua kwa moyo. Zamani nilikuwa nalia ikifika pale pa kuanguka. Leo nimeisikiliza kama taarifa ya hali ya hewa.

Sikupiga simu wodini. Nilijiambia napumzika.

Jumanne, 14 Julai

Saa nne hakuna chupa ya kitanda cha tisa. Saa tano hakuna. Nikapiga.

Sista akashangaa, kwani sikuambiwa? Daktari kasema kitanda cha tisa asichomwe ovyo. Jumapili majibu yalionyesha damu nyepesi sana, na asubuhi ile ile alikuwa amekohoa makohozi yenye michirizi myekundu. Daktari akaogopa asije akavuja mapafuni. Sindano ya tumboni imesimamishwa tangu Jumapili mchana.

Nikahesabu. Jumapili jioni, jana asubuhi, jana jioni, leo asubuhi. Sindano nne.

Nikamwambia warudie kipimo, leo leo. Akauliza kuna nini. Nikasema nataka kuhakikisha tu. Akasema daktari yuko na mgonjwa mwingine, huko ni kufa na kupona, akitoka atamwambia.

Maneno yalikuwa manne tu: chupa ile ilikuwa imeganda. Hayakutoka. Nilienda kunawa mikono. Nikanawa tena. Saa kumi jibu la daktari likaja: kesho.

Jumatano, 15 Julai

Chupa ilifika saa nane mchana. Daktari kachukua mwenyewe, kinenani. Kijiti kisafi. Muda wa kuganda kumi na mbili na nusu. Mabaki — mashine imeandika "zaidi ya" na kuishia hapo. Hesabu zake zimekwisha.

Nikampigia daktari moja kwa moja. Akasema sindano inarudi sasa hivi, na kipimo kikubwa zaidi. Kisha akasema, kwa upole, kama mtu anayejiuliza mwenyewe: "Sasa Jumapili ilikuwaje, dada? Ishirini na tisa?"

Hapo. Pangekuwa hapo. Mlango ulikuwa wazi, kiti kimevutwa, nilitakiwa kukaa tu.

Nikasema: labda mashine.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo Mama husema. Sasa haya ninayoficha mimi yatamuumbua nani?

Alhamisi, 16 Julai

Sista kapiga saa moja na nusu, sijavaa hata koti la kazi. Kaka kamwambia mguu wa kulia umekufa ganzi tangu alfajiri. Akaugusa, baridi. Kidole gumba rangi ya wino. Mapigo kifundoni hakuna.

Saa sita daktari wa upasuaji akaufungua mshipa palepale kitandani, kwa ganzi ya mguu tu, akalivuta donge. Refu, Sista anasema, kama kidole. Mguu ukapata joto. Saa kumi umepoa tena. Mshipa umeziba upya.

Baada ya simu ya asubuhi nimepima chupa ishirini na nane. Nimekataa saba. Mkono haukutetemeka hata mara moja. Najichukia kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Ijumaa, 17 Julai

Mkuu aliingia na karatasi ya daktari. Nilidhani imeandikwa jina langu. Haikuandikwa. Imeandikwa kwamba Jumapili mashine ilitoa jibu la uongo na mgonjwa kaumia. Kwa hiyo mashine isitumike mpaka ikaguliwe, na majibu yote ya siku ile yarudiwe.

Mkuu kaizima mashine, kaifunika kwa plastiki, kaibandika karatasi: MBOVU. Fundi wake anatoka mbali, atafika Jumanne. Hadi hapo damu zinapelekwa hospitali nyingine, majibu ni baada ya siku mbili. Na siku mbili huko juu ni maisha ya mtu.

Wagonjwa wa Jumapili ni ishirini na wawili. Wote wamechomwa upya leo. Sista anasema wengine mara tatu, mara nne. Mimi nilitaka mmoja asichomwe mara ya sita.

Mkuu akanipiga bega. "Usijilaumu. Chuma hakina uaminifu." Miaka yote hii hajawahi kunigusa bega. Nikasema ahsante, Mkuu.

Jumamosi, 18 Julai

Sina mashine, kwa hiyo nimepangwa kufunga chupa kwenye masanduku ya kupeleka nje. Kazi ya mikono tu.

Mchana nilitoka getini. Wifi kaleta nguo safi na soksi. Soksi mbili. Kaniambia Kaka katuma ujumbe wa sauti, akanisikilizisha. Pumzi, pumzi, kisha: "Mwambieni... mdogo wangu... breki imegoma." Na kitu ambacho nadhani ni kicheko. Wifi akacheka na kulia pamoja. Akanishika mikono yote miwili. Anasema daktari kamwambia ni mimi niliyegundua Jumatano kwamba damu si nyepesi. "Bila wewe, wifi, tungekuwa vipofu. Wewe ndiye macho yetu humo."

Ningesema pale. Getini, kuna watu, mlinzi anasikiliza. Hiyo ni sababu? Si sababu. Niliangalia soksi.

Sista kapiga jioni kabla hajatoka zamu. Kitanda cha nne, mama wa watoto watatu, ameanza kulalamika mguu. Damu yake haijulikani nzito au nyepesi, majibu yatarudi Jumatatu. Wakimpa dawa nyingi anaweza kuvuja, wakimpa kidogo atakuwa kama Kaka. "Tunapiga ramli, dada. Ile mashine yenu ina nini hasa?"

Mama kasema kwenye simu: damu nzito kuliko maji, mwanangu, Mungu alikuweka hapo kwa ajili ya kaka yako. Nikakata. Nikamwambia baadaye kwamba mtandao ulikuwa mbaya.

Mashine haina kitu. Mashine ni nzima kuliko mimi.

Jumapili, 19 Julai

Niko kwenye benchi nje ya mlango wa wodi. Saa tano na robo. Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Nimelitoa kwa sababu mikono haina pa kwenda.

Asubuhi nilipanda. Nilikuwa nimekata shauri: namwambia daktari, kisha Mkuu, na liwalo na liwe. Kitanda cha nne hakiwezi kungoja fundi wa Jumanne.

Nikamkuta daktari hapa mlangoni, na Wifi. Wamemwita atie sahihi. Mguu umekufa hadi juu ya kifundo, sumu inapanda mwilini, wanakata chini ya goti leo saa saba. Wifi alikuwa na karatasi mkononi na kalamu ya daktari. Aliponiona mabega yakamshuka. Akanipa karatasi. "Nisomee, wifi. Wewe ndiye unayajua haya. Ukisema nitie natia, ukisema nisitie sitii."

Nikasoma. Mstari kwa mstari, kwa sauti. Nikamwambia atie. Hiyo ni kweli, wasipokata atakufa. Akaitafuta sehemu ya sahihi. Kabla kalamu haijagusa karatasi nikasema:

"Daktari, mashine ni nzima."

Nikayasema yote. Donge, kijiti, karatasi niliyotupa, labda mashine. Sauti yangu ilikuwa ile ile ninayosomea majibu kwenye simu. Daktari alivua miwani, akaivaa. Akachukua simu ya ukutani akaagiza mashine iwashwe sasa hivi na damu ya kitanda cha nne ichukuliwe. Akaniambia nisiondoke. Akaingia ndani.

Tukabaki wawili.

Wifi hakupiga kelele. Ningetaka apige. Aliuliza kama siku ile nilijua kwamba ni damu ya mume wake. Nikasema nilijua, ndiyo maana. Akafikiri.

"Na angekuwa mtu baki?"

"Ningeikataa."

"Wangemchoma tena."

"Ndiyo."

"Na sindano ya tumboni wangeendelea kumpa."

"Ndiyo, wifi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelekezwa njia. Akaiweka karatasi juu ya goti lake, akatia sahihi. Huandika jina lake herufi moja moja. Akasema bila kuniangalia: "Basi bora angekuwa mtu baki."

Kwa kuwa ametia sahihi wamemruhusu kumwona. Dakika kumi. Wamemvisha, kaingia. Mama anapiga simu. Hii ni mara ya tatu. Sijapokea. Mwandiko umeharibika, naona, mikono inatetemeka. Sasa! Wiki mbili nimesubiri nijisikie kitu, kimekuja sasa. Nimemuumiza Kaka. Nimemkata mguu kaka yangu. Nimeandika.

Wifi katoka. Macho makavu. Kasimama mbele yangu na gauni lao bado mwilini. Anasema Kaka hajui kitu, si la kukatwa, si la Jumapili. Alitaka kumwambia, akashindwa. "Anakuuliza wewe. Anasema mdogo wake akija kumweleza ndiyo ataelewa. Nimemwambia unakuja."

Nikamwuliza nimweleze lipi.

"Yote mawili."

Sista kaleta gauni na barakoa mbili. Haniangalii, amesikia. Ananifunga kamba za mgongoni huku naandika. Anasema nina dakika kumi, na daftari libaki nje.